Kodi za muziki za tisa, kumi na moja na kumi na tatu: nota ipi ikae wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Makorora, Tanga, napiga kinanda na kutunga nyimbo na wenzangu wawili, mmoja anaimba na mwingine anapiga gitaa. Nyimbo zetu ni bongo fleva yenye harufu ya taarabu ya nyumbani. Nimejifunza kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) za maj9, m11 na 13 kwenye video za intaneti, nikaziingiza kwenye wimbo wetu uliokuwa wa C, Am, F na G. Sasa unakwenda Cmaj9, Am11, Fmaj13, G13. Nikipiga peke yangu nasikia raha. Tukikutana watatu, mwimbaji anasema anapotea sauti mwisho wa mstari, na mpiga gitaa anasema wimbo umejaa ukungu. Je, ni lazima nipige nota zote za kodi? Na kodi hizi zinaingia kweli kwenye taarabu, au niachane nazo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiachane nazo. Nianze na mwimbaji wenu, maana tatizo lake ndilo lenye dawa ya haraka, na ndani yake mna karibu jibu lote.

Hukuniambia mstari unaishia nota gani, lakini wimbo wa C, Am, F, G kwa kawaida hutua kwenye do (do ni C, re D, mi E, fa F, so G, la A, ti B). Sasa tazama Cmaj9 ina nini: C, E, G, B na D. Hiyo B iko nusu toni tu, yaani kitufe cha jirani kabisa, chini ya C. Mwenzako anaishika do yake kwa utulivu, na wewe chini yake unamshikia B. Sikio lake linavutwa. Ama atashuka kidogo, ama atadhani amekosea na kuanza kutafuta. Hajakosea, umemwekea jirani mgomvi. Wapangaji wa muziki wana tiba ya siku nyingi kwa jambo hili: pale mwimbaji anaposhika shina la kodi (nota inayoipa kodi jina), toa ile saba ya meja, hapa B, weka ya sita, A. Badala ya Cmaj9 piga C6/9, yaani C, E, G, A na D. Uwazi ule unaoupenda unabaki, na hakuna kinachomsugua. Mstari mwingine ukiishia mi au so, rudisha B yako bila wasiwasi.

Ninachotaka ukishike kuliko yote ni hiki: nota ya tisa, ya kumi na moja au ya kumi na tatu ichukulie kama sauti ya mtu kwenye kwaya. Inatoka mahali, inakwenda mahali, na ina majirani. Ukijua imetoka wapi na inaelekea wapi, itakaa vizuri hata kwenye wimbo mwepesi. Usipojua, itasumbua hata ukiipiga kwa vidole vya dhahabu.

Kabla hujaongeza kitu, basi, sikiliza kwanza mwimbaji anaimba nini. Mara nyingi kodi ndefu tayari ipo na wewe hujaiona. Akishika re wakati wewe unapiga C ya kawaida, watu wanasikia Cadd9. Akishika mi juu ya Dm, tisa imeshaingia. Akishika la juu ya G7, hiyo ni G9, na akishika mi ni G13. Katika hali hiyo kinanda kikiongeza nota ileile huwa kinamfunika mwenye wimbo. Mwachie. Wewe shika nota tatu tu chini yake, naye ndiye atakayekuwa rangi.

Kuhusu nota zote: hapana, si lazima, na ukizipiga zote utaharibu. Hesabu yake unaijua. Ngazi ina nota saba, ya nane ni do ya juu, kwa hiyo re ya juu inaitwa tisa, fa kumi na moja, la kumi na tatu. C13 ya kitabuni ni C, E, G, B♭, D, F, A (♭ ni nusu toni chini, ♯ ni nusu toni juu). Nota saba! Hiyo ni ngazi nzima kwa mkupuo mmoja, na hakuna mpiga kinanda mwenye akili timamu anayeipiga hivyo. Cha kubakiza ni nota ya tatu na ya saba, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazosema kodi ni meja (changamfu), maina (ya huzuni, huandikwa m) au inayotaka kurudi nyumbani. Ongeza nota moja ya rangi, basi. Ya kwanza kutupwa ni ya tano, haina habari mpya. Shina mwachie mpiga besi, na kama hamna besi, mkono wako wa kushoto.

Kumi na moja ina tabia yake. Kwenye kodi ya meja kama C, F inaigonga E, na mgongano huo hauna utamu wowote. Ama ipandishe iwe F♯, ama utoe E kabisa ubaki na kodi inayoning'inia, isiyo na nota ya tatu (huandikwa sus). Kwenye maina hakuna shida: ndani ya Am11 ile C na D zimeachana kwa toni nzima, zinakaa kama ndugu. Kwa hiyo Am11 yako haikuwa na kosa lenyewe. Kosa lilikuwa kuisongamanisha na nyingine tatu zilizoshiba vilevile.

Halafu kuna mchanganyo mmoja unaowapata wengi. Cadd9 na C9 si kitu kimoja. Cadd9 ni C, E, G na D, kodi tulivu, unaweza kufungia nayo wimbo. C9 ina B♭ ndani, inasukuma kuelekea F. Cmaj9 ina B. Ukiona "C9" kwenye karatasi za nyimbo za intaneti, jaribu kwanza kwa sikio, maana wengi huandika hivyo wakimaanisha Cadd9.

Tuje kwenye ukungu. Mpiga gitaa wenu anasikia sawasawa. Nota zilizobanana zikipigwa chini ya do ya katikati ya kinanda zinageuka mngurumo. Ni kama daladala ambayo abiria wote wameng'ang'ania mlangoni na viti vya nyuma viko wazi. Huku chini acha shina peke yake, au shina na tano, au oktavu (shina na shina la juu yake). Nota ya tatu, ya saba na ya rangi zipandishe zikae kuanzia kwenye do ya katikati kwenda juu, lakini zisipande hadi zikamkanyaga mwimbaji. Kama anaimba katikati ya kinanda, kaa chini yake kidogo au juu yake kabisa. Maneno ya Kiswahili yana irabu karibu kila silabi, na irabu ndizo zinazobeba sauti. Ukizifunika kwa kodi nene, msikilizaji wa Ngamiani, hapo Tanga, atasikia muziki mzuri asijue unasema nini, na mtu wa taarabu hatakusamehe hilo.

Sasa njia ya mkato kwa mpiga kinanda, inayokuepusha na hesabu nyingi. Kodi ndefu ni kodi ya kawaida iliyokalishwa juu ya besi ya mwingine. Kushoto D, kulia F meja: umepata Dm7. Kushoto D, kulia Fmaj7: Dm9. Kushoto A, kulia C: Am7. Kushoto F, kulia Am: Fmaj7. Kushoto C, kulia G meja: ni Cmaj9 isiyo na nota ya tatu, nyepesi sana, nzuri kwa kuanzia wimbo. Na ile ninayoipenda kuliko zote, kushoto G, kulia F meja. Hapo una G, F, A na C: saba, tisa na kumi na moja kwa vidole vitatu unavyovijua tangu siku ya kwanza. Wapiga vinanda wa makanisani wanaitumia kila Jumapili kabla ya kiitikio kurudi, wengine bila hata kujua jina lake.

Kwa wimbo wako wenyewe ningepanga hivi. Mkono wa kulia shika E na G juu ya do ya katikati, usiziachie mpaka besi ifike G. Sauti ya tatu, ya juu, ndiyo itembee. Besi ikiwa C, sauti ya juu ni D. Besi ikienda A, D inashuka kuwa C. Besi ikienda F, inashuka hadi A. Besi ikifika G, E inapanda nusu toni kuwa F, na sauti ya juu inashika C nusu ya kwanza ya ba (kipimo kimoja cha mapigo), halafu inaanguka kwenye B. Kisha rudi mwanzo. Kwa majina ni Cadd9, Am7, Fmaj9, G7 inayoning'inia kisha G7 kamili. Lakini majina yasahau, uimbe ile sauti ya juu peke yake: re, do, la, do-ti. Ni wimbo mdogo. Ukiuimba bila kinanda na ukausikia unaeleweka, basi kodi zako zimepangika. Fanya jaribio hilo kwa kila mfuatano utakaoutunga. Na uone kwamba kati ya hatua zote hizo, mbili tu zina nota ya tisa. Zinatosha. Zile nyingine ndizo zinazozipa nafasi ya kusikika.

Rafiki yako wa gitaa aweke kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) freti ya tano na kutumia maumbo ya G. Kuanzia waya mnene kwenda mwembamba, x ikiwa ni waya usiopigwa: G ni 320033, Em7 ni 022033, Cadd9 ni x32033, Dsus4 ni xx0233. Kwa kapo hiyo zinatoka C, Am7, Fadd9 na Gsus4, ndizo kodi zenu. Vidole viwili vya waya za chini, zile nyembamba, havihami katika maumbo haya manne. Nota mbili zilezile zinabaki pale juu, na kila besi inapobadilika zinapata maana mpya: mara ni tano na shina, mara saba na tatu, mara tisa na tano. Hapo utaelewa zaidi kuliko maelezo yangu yote. Ila muwe makini kwenye ba ya nne. Yeye akiwa kwenye Dsus4 gitaa lake linalia C, na wewe ukiwahi B mtagombana. Mshuke pamoja: wewe ukienda B, yeye abadilishe kuwa D ya kawaida, xx0232. Nusu toni moja, watu wawili, kwa wakati mmoja. Rudieni hapo mpaka ikae.

Umeuliza kuhusu taarabu. Tanga ndiyo mahali pake pa kuuliza hivyo, kwa sababu miaka ya 1960 na 1970 bendi za Black Star na Lucky Star ndizo zilizoipa taarabu magitaa ya umeme na mwendo wa kuchezeka, tofauti na vikundi vikubwa vya fidla vya Unguja. Muziki ule hauna kodi nyingi. Uzito wake uko kwenye sauti, kwenye mapambo ya mwimbaji na kwenye ala inayomjibu. Kwa hiyo kodi ya maj9 pale itaonekana mgeni aliyevaa suti harusini saa nane mchana. Lakini kodi ndefu moja ni mwenyeji kabisa: E7 yenye tisa iliyoshushwa, kwa maandishi E7♭9, ikielekea Am. Nota zake ni E, G♯, B, D na F.

Sababu ni hii. Ule mlio wa Kiarabu tunaoutambua kwenye taarabu mara tu ukianza, Waarabu wanauita hijazi, ukianzia E unapanda E, F, G♯, A, B. Pengo lile pana kati ya F na G♯ ndilo linalochoma moyo. Na F na G♯ zote mbili zimo ndani ya E7♭9. Mwimbaji akizungusha sauti yake pale kwa mapambo, kila nota anayoigusa ama imo kwenye kodi au iko jirani nayo. Ukimpigia E9 ya kawaida yenye F♯ utamkata mguu, kwa sababu yeye anaimba F. Kwenye kinanda ni rahisi: kushoto E, kulia G♯, B, D, F. Mkono wa kulia peke yake ni kodi ya kupungua inayofahamika na kila mpiga kinanda wa kwaya. Weka hiyo mwisho wa ubeti, mstari wa kuelekea kiitikio, na umwache mwimbaji aamue lini mnatua kwenye Am. Usimkimbize.

Kwa dansi nina neno fupi. Tanga pia ndiko zilikotoka bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na licha ya majina yao, muziki wao ulisimama juu ya kodi tatu, na ustadi ulikuwa kwenye magitaa yanayopishana. Gitaa la solo na la ridhimu yakishafumana, tayari kuna nota za sita na za tisa zinazopita ndani yake kila sekunde. Ukiongeza kinanda cha kodi za kumi na tatu juu yake unaziba mashimo ambayo ndiyo raha yenyewe. Kwenye sebene (sehemu ya kucheza, inayoongozwa na magitaa), mpiga kinanda mzuri ni yule anayejua kunyamaza.

Niseme na la huku kwetu Bagamoyo, maana kuna watu wanaodhani kodi ya tisa ni mali ya Wamarekani. Waya mmoja ukitetemeka hautoi mlio mmoja. Juu ya ule mkuu kuna midogo inayotetemeka mara mbili, mara tatu, mara nne yake, na kuendelea. Ikiwa mkuu ni C, ule wa sita ni G, wa saba ni B♭ iliyolegea kidogo, wa nane C, wa tisa D, wa kumi E. Sasa kasikilize ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze za Wagogo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka nazo Ugogoni akaishi nazo na kuzifundisha hapa hapa, kwenye Chuo cha Sanaa ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mpangilio wa sauti za Kigogo kwa kiasi kikubwa umesimama juu ya milio hiyohiyo: G, B♭, C, D, E. Zipige pamoja kwenye kinanda chako. Ni C9 kamili, na hakuna aliyeisomea.

Tahadhari moja tu ukitaka kuchanganya: ile B♭ ya asili iko chini ya B♭ ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Ukizipiga pamoja zitalia kama redio iliyokosa stesheni. Ukimpata mpiga ilimba, mwachie yeye saba na tisa, kinanda kishike shina na tano peke yake.

Ndani ya wimbo, wapi uziweke? Mimi huwa sizitii kwenye kiitikio. Kiitikio ni cha watu, waimbe wakiwa kwenye boda, jikoni, harusini, na wanahitaji sakafu ngumu chini yao. Rangi naiweka kwenye ubeti, hasa mstari wa tatu, pale maneno yanapokuwa bado hayajapata jibu. Kama maneno yanasema mtu ameondoka na hajulikani alipo, kodi inayoning'inia inasema vivyo hivyo kabla hata hujamaliza sentensi. Kama maneno yanatoa taarifa tu, "nilikuja saa mbili nikakukosa", piga C yako uende zako. Wapo watakaokuambia wimbo wa kisasa lazima kila kodi iwe na tisa. Ni ladha, siwakatazi, ila nimesikia nyimbo nyingi za namna hiyo na siikumbuki hata moja kwa tuni yake.

Mwisho, karatasi unayompa mwenzako. Usimwandikie G11, atabaki anahesabu vidole. Andika F/G, yaani F juu ya besi ya G, naye atapiga F bila kufikiri. Am9 mwandikie Am7 tu, tisa utaishika wewe. Na pale mwimbaji anapotua kwenye do, andika C6/9 kwa kalamu nyekundu, usije ukasahau siku ya kurekodi ukarudisha ile B.